Mthamini Hakula Kuku

Ndoo ya rangi bado iko stoo, nyuma ya gunia la makaa. Lita 20, rangi ya krimu, na zaidi ya nusu haijaguswa. Kila nikiingia kuchukua jiko inanitazama, nami nakumbuka nilivyoufuta ushahidi wangu mwenyewe kwa brashi ya inchi nne.

Ilikuwa Februari 2025, msimu ambao Nakuru hutukumbusha ilikotoa jina. Inasemekana ni neno la Kimaasai, mahali pa vumbi. Ukipangusa meza saa mbili asubuhi, saa nne unaweza kuandika barua juu yake kwa kidole. Tunakaa Kiamunyi, ukitoka mjini unafuata barabara ya Kabarak, kwenye ploti ya hamsini kwa mia tuliyonunua tukiwa hata hatujui kokoto inauzwaje. Mume wangu, Baba Pendo, hubeba viazi kutoka Molo na Mau Narok kwa lori la mtu mwingine, na alikuwa amechoka kugawana jasho na mwenye lori. Alitaka Canter yake, hata iwe kuukuu. Benki ikasema sawa, lakini tuweke nyumba rehani, na nyumba haiwekwi rehani kabla mtu hajaja kuitia bei.

Mtu huyo kwa Kiswahili cha vitabuni ni mthamini. Mtaani ni valua. Alipiga simu Jumatatu jioni nikikaanga sukuma wiki. Akajitambulisha kwa adabu, akasema ametumwa na benki, atafika Alhamisi saa nne, na akaomba tumwekee tayari nakala ya hati miliki, matokeo mapya ya sachi, yaani upekuzi wa rekodi ya ploti kwenye ofisi ya ardhi, ramani ya nyumba iliyopitishwa na kaunti, na vitu vingine viwili vitatu. Baada ya neno "Alhamisi" sikusikia kitu. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu madoa ya ukutani.

Jumanne tulifua mapazia, tukapiga deki, tukatoa utando wa buibui ambao naamini ulikuwepo kabla ya Pendo kuzaliwa. Kijana wa mkokoteni akabeba magodoro mabovu, mabati yaliyobaki ya 2017 na sinki iliyopasuka, akaenda nayo akisema anayapeleka Gioto kwenye jaa. Baba Pendo akafyeka nyasi za mbele. Mimi nikaenda hadiwea nikarudi na ile ndoo. Tulipanga kupaka nyumba nzima. Muda ukatosha sebule na ukuta mmoja wa chumba cha nyuma, ambao nitauzungumzia baadaye kwa sababu ndio ulionitia aibu.

Jumatano mama mkwe akashuka kutoka Mbale, Vihiga, na jogoo miguuni amefungwa kamba. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia tu kwenye simu kwamba kuna mgeni mkubwa wa benki.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema, akampeleka jogoo nyuma ya jikoni.

Ndivyo sote tulivyoielewa Alhamisi ile: siku ya mgeni. Kosa lote lilianzia hapo.

Usiku wa Jumatano, karibu saa nne, nikiwa nimekaa na miguu kwenye beseni la maji moto, nikakumbuka kwamba yule mtu alitaja karatasi. Kwa bahati, kufanya sachi nilikuwa nimeshamwachia kaka yangu anayefanya kazi ya makaratasi mjini, na matokeo yalikuwa kwenye simu tangu mchana. Nikayafungua. Kwa asiyewahi kuiona, rekodi ya ardhi ina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe. Sehemu B inaeleza ni ya nani, na yetu ina majina yote mawili, jambo ambalo nililipigania na silijutii. Sehemu C ni ya mizigo: rehani, tahadhari zilizowekwa na watu wengine, amri za mahakama. Sehemu C ya ploti ambayo hatuna deni juu yake hata la shilingi ilionyesha rehani ya benki ya mwaka 2014.

Mkopo wa 2014 tuliumaliza 2020. Nakumbuka tulinunua soda. Benki ikaturudishia hati pamoja na karatasi nyingine zilizobanwa kwa pini, tukazitia kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, tukalala usingizi wa watu wasiodaiwa. Zile karatasi zilizobanwa ndizo zilizokuwa hati ya kuondoa rehani. Kazi yake si kukaa sandukuni. Inapaswa kupelekwa ofisi ya ardhi isajiliwe, ndipo ile rehani ifutwe kwenye Sehemu C. Kumaliza kulipa kunakuondolea deni, lakini msajili wa ardhi haoti ndoto kwamba umelipa. Kwa miaka mitano tuliishi kwenye nyumba ambayo kwa serikali bado ilikuwa imeshikwa.

Sina wa kumlaumu. Tuliambiwa. Barua iko hapo hapo, aya ya pili, na mimi ni mwalimu, nafundisha watoto wa watu kusoma kwa ufahamu.

Kwa hiyo kama una muda wa kufanya jambo moja tu kabla valua hajaja, fanya sachi, na uifanye mapema kabla simu haijalia. Vumbi linapanguswa kwa dakika kumi. Mzigo wa Sehemu C kwetu ulichukua wiki tatu kuutoa, na wiki hizo zote Baba Pendo aliendelea kupakia viazi kwenye lori la mtu.

Alhamisi saa nne kasoro dakika tano geti likagongwa. Nilitarajia mzee wa suti. Akaingia kijana wa kama miaka thelathini, buti za vumbi, kamera shingoni na futi ya kupimia kiunoni. Akamsalimia mama kwa mikono miwili, akasimama pale pale uani, akauliza swali ambalo hakuna aliyelitayarishia jibu:

"Bikoni ziko wapi?"

Sasa nyumba inang'aa, mapazia yananukia, jogoo anachemka, na mtu anauliza habari za vyuma vya mpaka vilivyofukiwa kwenye kona za ploti. Lakini ukifikiri vizuri, swali lake lina maana. Mtu akikukuta umekaa kwenye nyumba, anajuaje kwamba hati uliyoshika ni ya ardhi hii na si ya ploti ya tatu kutoka hapa? Nakuru hii watu wamejenga kwenye ploti za wenzao bila kujua, wakagundua nyumba ikiwa imeshafika lenta. Kazi ya kwanza ya mthamini ni kuhakikisha anatia bei kitu chenyewe. Alikuwa na ramani ya ardhi ya eneo letu, akaitandaza juu ya boneti ya gari lake, akaanza kuhesabu ploti kutoka kwenye kona ya barabara.

Bikoni ya kwanza ilionekana. Ya pili ilikuwa chini ya maua yangu, nikaenda kuchukua jembe mwenyewe. Mbili za nyuma hazikuonekana, mpaka jirani yetu mzee, ambaye mtaa mzima tunamwita Guka, alipochungulia juu ya ua wa kayaba akauliza tunachimbua nini. Guka alikuwepo siku shamba hili lilipokatwa kuwa ploti. Akazunguka polepole na bakora yake, akasimama mahali, akagonga chini mara mbili.

"Hapa. Na ile nyingine imo ndani ya kayaba yangu. Nilipanda mimi, sikujua mtakuja kuitafuta."

Mthamini akaingiza mkono kwenye ile miiba, akatoka na mikwaruzo na jibu. Zote nne zilikuwepo. Laiti ningetumia Jumanne ile kufyeka nyuma badala ya kufua mapazia.

Halafu akapima nyumba. Kwa nje. Mimi nilishika ncha moja ya futi yeye akashika nyingine, tukazunguka ukuta kwa ukuta kama watoto wanaocheza, akichora kwenye daftari umbo la nyumba likiwa na vipimo. Ndani alikaa kama dakika ishirini na tano tu. Nitakuambia alichotazama, kwa sababu nilimfuata nyuma kama mkia, jambo ambalo kumbe si lazima. Msikilize akikuita, kisha mwache afanye kazi.

Alitazama dari, kila chumba, akitafuta alama za maji. Alifungua mifereji, akawasha taa, akagonga sakafu kwa kisigino mahali vigae vinapolia. Aliomba kila mlango ufunguliwe, na hapo tukaadhirika kidogo, kwa sababu chumba cha uani kina mpangaji na mpangaji alikuwa ameenda kazini na ufunguo. Akaandika kwamba hakuingia. Hakuandika kwa ubaya, ila chumba usichokionyesha, anayetia bei atakiwaziaje? Akauliza maji yanatoka wapi, maji taka yanaenda wapi, na barabara ya mbele inapitika mvua ikinyesha. Kabati la vyombo nililolipanga kwa saa mbili hakulitupia jicho. Vitambaa vya makochi vya kufuma, vile vyeupe vya sikukuu, alivikalia.

Swali la maji lina uzito kwetu kuliko wageni wanavyojua. Maji mengi ya visima vya kuchimba huku Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya vijana waliokulia hapa ni ushahidi kwamba wengi tumekunywa zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukimwambia mthamini kwa majivuno kwamba una kisima chako, atakuuliza kama maji yamepimwa. Sisi tuna mfereji wa kampuni ya maji, wenye siku zake, na tangi la lita 10,000 la maji ya mvua. Akapiga tangi picha. Nikamwonyesha risiti yake na akaichukua pia.

Risiti. Niliziweka zote kwenye faili la plastiki, mwaka kwa mwaka, na hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa. Mabati mapya, septiki, nyaya za umeme zilizobadilishwa, geti. Nilidhani atajumlisha. Hakujumlisha. Akanieleza, kwa upole wa mtu aliyelieleza hilo mara nyingi, kwamba pesa ulizotumia na bei ya nyumba ni vitu viwili visivyojuana. Yeye anaangalia nyumba zinazofanana na hii zimeuzwa kwa kiasi gani karibu na hapa, kisha anaangalia kujenga nyumba kama hii leo kungegharimu nini ukiondoa uchakavu, na kama ni ya kupangisha anaangalia kodi. Risiti zinamsaidia kujua kazi ilifanyika lini na kama ilifanyika kweli. Mwenzetu mmoja wa barabara ya juu alijenga kasri, dari za jipsamu zenye taa za rangi, vigae hadi kwenye banda la kuku. Limezungukwa na nyumba za mabati na mashamba ya mahindi. Alipothaminiwa alikasirika mwezi mzima. Lakini nani atanunua kasri hapo kwa bei ya Milimani, mtaa wa wenye pesa?

Na hizo bei za nyumba "zinazofanana" usizitafute kwa madalali. Tangu Desemba 2021 Nakuru ilipotangazwa kuwa jiji, kila dalali ana sentensi moja: "Hii ni jiji sasa." Wakiongeza na upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, ploti inapanda bei ukiwa bado umesimama juu yake. Hiyo ni bei ya kuomba. Mthamini hutafuta bei iliyolipwa, ambayo watu huificha kwa sababu nyingine: anayenunua hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 kwenye miji na asilimia 2 mashambani, na wapo wanaoandika bei ndogo ili ushuru nao uwe mdogo. Nyumba ya Mkenya ina tabia hiyo. Siku ya ushuru ni kibanda, siku ya mkopo ni ikulu.

Upande mwingine wa mji kuna watu ambao hata hilo hawawezi kulibishania. Ziwa Nakuru lilianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, likameza mpaka geti la zamani la mbuga, na kule Mwariki likaingia kwenye nyumba za watu wenye hati halali kabisa. Hati ikabaki kavu, ploti ikawa ziwani.

Kwetu shida si ziwa. Kwetu ni chini. Mji huu umekaa kati ya mlima wa volkano wa Menengai na ziwa, kwenye majivu ya volkano, udongo mwepesi unaokunywa maji kama ugali unavyokunywa mchuzi. Mvua kubwa zikija, kuna mahali ardhi hufunguka, barabara ikabonyea, kesho yake unaona watu wamesimama pembeni wanachungulia shimo. Kila mthamini anayefanya kazi Nakuru anajua hivyo. Kwa hiyo kila mthamini anayefanya kazi Nakuru anatafuta nyufa.

Sasa turudi kwenye ukuta.

Nyumba yetu ilijengwa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, ikiwa na ramani na mihuri yote. Mwaka 2017 tukaongeza jiko kubwa na chumba cha tatu, tukiwa na fundi, hamu na pesa za chama. Ramani hatukupeleka kaunti. Mvua za Aprili 2024 zilipokuja, zile zilizofurika nchi nzima, palipokutana ukuta wa zamani na ukuta mpya pakatokea ufa mwembamba, kutoka kwenye dari hadi karibu na dirisha. Sikulala siku tatu. Nikamwita fundi mmoja mzee kutoka Kisii, mtu wa maneno machache, akautazama, akauchomeka wembe, akauchomoa.

"Usizibe sasa," akasema. "Weka alama ya penseli mwanzo na mwisho wake, uandike tarehe. Ukitembea utauona. Usipotembea, hizi ni nyumba mbili zinazozoeana."

Nikafanya hivyo. Mei 2024 nikaweka alama. Agosti nikatazama, uko pale pale, nikaandika tarehe nyingine pembeni. Desemba vivyo hivyo. Ukuta ule ulikuwa na daftari lake, kwa mwandiko wangu wa ubaoni.

Na Jumatano, siku moja kabla ya mthamini kuja, nikaujaza saruji nyeupe, nikausugua na msasa, nikaupaka krimu mara mbili.

Unajua rangi mpya kwenye ukuta mmoja inavyofanana? Inafanana na mtoto aliyepaka mafuta mdomoni tu akisema hajala nyama. Kijana aliingia chumba cha nyuma, akasimama mlangoni, hakutazama dari kwanza kama vyumba vingine. Akaenda moja kwa moja pale, akagusa kwa kidole, kidole kikatoka na krimu.

"Hapa pamepakwa lini?"

"Jana," nikasema.

"Mbona hapa tu?"

Baba Pendo akadakia haraka kwamba ni plasta tu, plasta za siku hizi unajua. Kijana hakumjibu. Akatoka nje, akaenda kuutazama ukuta ule ule kwa upande wa pili, ambao sisi, katika ujanja wetu wote, hatukuukumbuka. Ufa ulikuwa pale umetulia, unamsubiri.

Niliona aibu iliyonishika shingoni. Nikasema ukweli wote kwa pumzi moja: mvua, fundi, wembe, penseli, tarehe. Akauliza alama ziko wapi. Nikaonyesha ukuta wa krimu.

Kilichotuokoa ni tabia ya Pendo ya kushika simu yangu. Kila mara nilipoandika tarehe, mtoto alikuwa akipiga picha tukamtumia yule fundi, na picha za WhatsApp zilikuwepo zote, Mei, Agosti, Desemba, kila moja na siku yake. Kijana akazitazama moja moja, akizikuza kwa vidole, akaniomba nimtumie. Akasema yeye si mhandisi, hawezi kuapa kuhusu msingi. Ataandika kwamba kuna ufa kwenye kiungo cha nyumba ya zamani na nyongeza, kwamba mwenye nyumba ameufuatilia miezi saba na hakuna dalili umeongezeka, na benki ikitaka itaagiza mhandisi. Benki haikuagiza.

"Ungeuacha tu mama," akaniambia akifunga daftari. "Ukuta ulikuwa unajieleza vizuri."

Kuhusu nyongeza alikuwa mkali zaidi. Ramani inasema vyumba viwili, macho yanaona vitatu. Akatushauri tutafute mchoraji aliyesajiliwa achore nyumba ilivyo sasa, tuipeleke kaunti ikaguliwe. Tumefanya, na ilitugharimu kuliko ambavyo ingegharimu 2017. Hayo yaishie hapo.

Mara nyingi watu huniuliza kama tulimpa kitu. Hapana, na usijaribu. Wathamini nchini wanasajiliwa kwa sheria na wana bodi inayoweza kumfutia mtu usajili, na mara nyingi benki ina orodha yake ya wale inaowakubali. Ada unalipa wewe, lakini ripoti ni ya benki. Lilinishangaza hilo, kulipia kitu ambacho hukumiliki. Ndiyo maana kwenda mwenyewe kumtafuta valua rafiki kabla ya kuuliza benki inataka nani ni kutupa pesa.

Mama mkwe naye hakuwa na habari na bodi. Saa sita kasoro kijana alipokuwa anafunga kamera, meza ilikuwa imeshatandikwa. Ugali umefunikwa, kuku kwenye bakuli kubwa, na juu kabisa imondo, firigisi, ambayo kwa Waluhya haiwekwi mbele ya mtu hivi hivi. Kijana akaitazama ile meza, nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alikuwa ametembea kwenye jua tangu asubuhi.

"Mama, nashukuru sana. Naomba maji tu."

"Maji?"

"Kazi hairuhusu mama. Nikila hapa, kesho mtu atasema nilipandisha bei kwa sababu ya kuku."

Akanywa maji glasi mbili akiwa amesimama, akapiga picha ya geti na ya barabara kwa pande zote mbili, akaondoka. Mama akabaki ameshika kifuniko cha bakuli.

"Mgeni gani huyu," akasema, "anapima kila kitu isipokuwa ugali?"

Imondo akala Baba Pendo, bila raha.

Ripoti ilikuwa tayari baada ya siku tisa, na ile rehani ya kale ilipofutwa afisa wa mikopo akatuita, tukasaini wote wawili. Hata kama hati ingekuwa na jina la mume peke yake, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka idhini ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na kwa kweli benki iliniuliza mara mbili kama najua ninachosaini. Tukapewa nakala. Kurasa nyingi, picha zetu za dari, mchoro wa nyumba ikionekana ndogo kama kiberiti, na mikwaruzo ya kayaba imegeuka sentensi moja: bikoni zote nne zilithibitishwa. Tarakimu sitazitaja, Nakuru ni jiji lakini bado ni kijiji. Nitasema tu ilikuwa chini ya alivyotumaini Baba Pendo na juu ya nilivyoogopa mimi.

Jioni hiyo Baba Pendo alimsomea mama, akimtafsiria Kimaragoli pale panapohitajika. Alisoma bei ya soko, mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisoma thamani ya bima, yaani gharama ya kuijenga upya ikiungua, mama akasema Mungu apishe mbali. Kisha akafika mstari wa mwisho, ambao una tarakimu ndogo kuliko zote, robo nzima imekatwa.

"Na hiyo ni ya nini?"

"Hiyo ni bei ya kuuza kwa lazima, mama. Tukishindwa kulipa."

Nikajaribu kumpoza. Nikamweleza kwamba sheria ina kinga, kwamba benki kabla haijauza lazima ifanye nyumba ithaminiwe, na ikiiuza kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa imekosea mpaka ithibitishe vingine. Nilieleza vizuri, kama niko darasani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. Giza lilikuwa halijaingia sawasawa, mbwa wa Guka wanabweka, na mpangaji wetu bado hajarudi kutoka kazini.

Akatoka nje akaenda kufunga geti, akarudi na ufunguo mkononi.